Bibi Hamer wa Ruleville na Benki ya Nguruwe

Katika jimbo la Mississippi, kusini mwa nchi ya Marekani, kuna mji mdogo uitwao Ruleville. Mji huo umo katika wilaya ya Sunflower, katika nchi tambarare yenye udongo mweusi ulioletwa na mafuriko ya mto kwa maelfu ya miaka. Udongo huo huikubali sana pamba, na kwa muda mrefu utajiri wa mahali hapo ulitoka katika pamba. Lakini kuleta utajiri ni jambo moja, na kuushika ni jambo lingine. Wenye mashamba walikuwa Wazungu wachache. Waliolima, wakapalilia na kuchuma walikuwa watu weusi, wajukuu wa watumwa, ambao walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa wilaya.

Hapo ndipo alipoishi Bibi Fannie Lou Hamer, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1977. Hakuwa mwalimu, wala mke wa mtu mkubwa, wala hakupata elimu ya juu. Alikuwa mchuma pamba, kisha karani wa shamba, mke wa dereva wa trekta, na mama wa watoto aliowalea bila kuwazaa. Jina lake limejulikana katika Marekani yote kwa sababu ya kazi yake ya kutafuta haki ya kupiga kura. Lakini kuna upande mwingine wa maisha yake ambao wakulima wataona kuwa ni mkubwa vile vile. Bibi huyu alitambua, kwa kuumia mwenyewe, kwamba mtu ambaye chakula chake kimo mkononi mwa mwingine, kura yake nayo imo mkononi mwa huyo huyo.

MTOTO WA ISHIRINI

Bibi Hamer alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, akiwa mtoto wa ishirini na wa mwisho wa Bwana James Lee Townsend na mkewe, Bibi Lou Ella. Alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, wazazi wake walihamia wilaya ya Sunflower kutafuta riziki katika mashamba ya pamba.

Walilima kwa kugawana mazao na mwenye shamba. Mwenye shamba alitoa ardhi na kibanda cha kulala, na mkulima alitoa jasho lake na la watoto wake. Mavuno yalipokwisha, nusu ya pamba ilikuwa ya mwenye shamba. Katika nusu iliyobaki zilitolewa gharama za mbegu, mbolea, na unga na mafuta yaliyokopwa dukani mwa shamba tangu mwanzo wa mwaka. Vitabu vya hesabu viliandikwa na mwenye shamba peke yake. Wazee wa Kenya waliopata kukaa kama maskwota katika mashamba ya Wazungu kabla ya mwaka 1963 wataielewa hali hiyo bila kuelezwa sana, ingawa sheria zake zilikuwa mbalimbali. Jamaa ya Townsend iliweza kuchuma marobota 50 au 60 ya pamba kwa mwaka, na bado watoto wakalala njaa wakati wa baridi.

Bibi Hamer alipokuwa mtu mzima alipenda kueleza jinsi alivyoingia katika kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka sita, akicheza kando ya njia, mwenye shamba akasimamisha gari lake na kumwuliza kama aweza kuchuma pamba. Akamwambia kwamba akichuma ratli 30 katika juma hilo atapewa vitu vitamu kutoka dukani, kama biskuti na samaki wa mkebe. Mtoto akachuma, akapewa. Juma lililofuata akatakiwa kuchuma ratli 60. Tangu hapo hakutoka tena katika mtego huo, na alipofika umri wa miaka kumi na mitatu alikuwa akichuma ratli 200 au zaidi kwa siku. Shule ya watoto weusi ilifunguliwa miezi minne tu kwa mwaka, wakati pamba haihitaji mikono. Akasoma hata darasa la sita, akaacha. Lakini kusoma alikujua, na Biblia aliisoma sana.

Mara moja jamaa hiyo ilikaribia kujikomboa. Baba yake alijinyima mwaka baada ya mwaka, hata akapata fedha za kukodi ardhi, akanunua nyumbu wa kulimia, ng'ombe wawili na vyombo vya shamba. Usiku mmoja mtu aliingia bomani akatia sumu katika chakula cha wanyama. Wanyama wakafa wote. Mwaka huo huo jamaa ya Townsend ikarudi kulima kwa nusu, na haikuinuka tena.

Mama yake, Bibi Lou Ella, alivaa nguo zenye viraka juu ya viraka ili watoto wapate za kuvaa. Jicho lake moja liliharibika kwa ajali alipokuwa akifyeka shamba, wala hapakuwa na fedha za daktari wa kulitibu mapema. Mama huyo ndiye aliyemnunulia binti yake mwanasesere mweusi, akamwonya asione haya kwa rangi aliyopewa na Mungu.

JIWE LA MIZANI

Mwaka 1944 aliolewa na Bwana Perry Hamer, dereva wa trekta katika shamba moja karibu na Ruleville. Walikaa katika shamba hilo miaka kumi na minane. Kwa kuwa alijua kusoma na kuhesabu, mwenye shamba alimfanya karani wa kuandika saa za vibarua na uzito wa pamba waliyochuma.

Hapo ndipo alipoanza kuwatumikia wenzake, kwa namna ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Pamba ilipimwa kwa mizani yenye jiwe la kusogezwa juu ya mkono wa chuma. Jiwe la mwenye shamba lilikuwa limerekebishwa, likamwibia mchumaji ratli kadha katika kila gunia. Bibi Hamer alijitafutia jiwe la haki. Mwenye shamba akiwapo, aliacha jiwe la shamba lifanye kazi yake. Akiisha kwenda zake, alitoa jiwe lake na kulitundika mahali pa lile la uongo, na wachumaji wakapata malipo ya jasho lao. Kila mkulima aliyewahi kusimama mbele ya mizani ya mnunuzi, asijue kama sindano yasema kweli, ataona kwamba huo haukuwa ujanja mdogo. Kama angaligunduliwa, angalipoteza kazi na nyumba kwa siku moja.

Zaidi ya kazi hiyo, alisafisha nyumba ya mwenye shamba. Siku moja alipokuwa akisugua choo, binti wa nyumba hiyo alimwambia asijitaabishe sana, maana choo hicho kilikuwa cha mbwa wao wa zamani. Kibanda cha Bibi Hamer hakikuwa na choo cha ndani kilicho kizima. Akarudi kwake jioni hiyo akiwa na neno la kufikiri.

Bibi Hamer na mumewe hawakujaliwa kupata mtoto aliyeishi. Wakachukua wasichana wawili wa watu maskini kuliko wao, wakawalea kama watoto wao wa kuzaa. Mwaka 1961 Bibi Hamer aliingia hospitali kuondolewa uvimbe mdogo. Alipotoka, akapata habari kwamba daktari alikuwa amemtoa kizazi bila kumwuliza wala kumweleza. Jambo hilo lilitendwa kwa wanawake wengi weusi na maskini wa majimbo ya kusini katika miaka hiyo. Hakuwa na mahali pa kushtaki, kwa kuwa mahakimu na waliowachagua walikuwa ni watu wale wale.

SAFARI YA INDIANOLA

Mwezi wa Agosti 1962 vijana wa chama kilichopigania haki za watu weusi, kilichojulikana kwa kifupi kama SNCC, walifika Ruleville wakafanya mkutano kanisani. Waliwaeleza watu kwamba sheria ya nchi inawaruhusu kujiandikisha na kupiga kura. Bibi Hamer alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia neno hilo. Walipoulizwa ni nani atakayekwenda kujiandikisha, aliinua mkono wake juu kadiri ulivyoweza kufika.

Tarehe 31 Agosti watu kumi na wanane walipanda basi kuukuu lililozoea kuchukua vibarua wa pamba, wakaenda Indianola, makao makuu ya wilaya, mwendo wa maili 26. Huko walipewa mtihani. Bibi Hamer alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo na kueleza maana yake. Baadaye alisema kwamba maneno ya kifungu hicho aliyajua kama vile farasi anavyoijua sikukuu ya Krismasi. Mtihani huo ulitungwa ili watu weusi washindwe, nao wakashindwa.

Njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi na kumshtaki dereva kwamba rangi yake ni ya manjano mno, yafanana na ya basi la shule. Faini ilikuwa dola 100, kisha ikapunguzwa mpaka dola 30. Abiria wakachanga mfukoni mwao, wakalipa. Walipokuwa wakingoja kwa hofu ndani ya basi, Bibi Hamer alianza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake nzito, na wengine wakaitikia.

Habari ilifika shambani kabla yake. Mwenye shamba alikuja barazani jioni ile akamwambia achague: ama arudi kufuta jina lake, ama ahame. Bibi Hamer alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake yeye bwana. Alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku ule ule alifukuzwa katika nyumba aliyokaa miaka kumi na minane. Mumewe alilazimishwa kubaki mpaka mwisho wa mavuno, la sivyo wangenyang'anywa vyombo vyao vyote. Tarehe 10 Septemba watu wasiojulikana walipiga risasi 16 katika nyumba ya rafiki zake mjini, mahali walipodhani kuwa amelala.

Katika siku hizo chache Bibi Hamer aliyaona maisha yake yote kwa wazi. Mwenye shamba hakuhitaji polisi wala jela kumfunga. Nyumba ilikuwa yake, duka lilikuwa lake, kitabu cha deni kilikuwa chake. Ilitosha kusema neno moja tu, na mtu akawa hana pa kulala. Waswahili wamesema, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Huyu hakutegemea cha ndugu, bali cha bwana, na huo ni umaskini mkubwa zaidi.

Lakini hakurudi nyuma. Desemba alifanya mtihani tena, akamwambia karani kwamba ataendelea kurudi mpaka afaulu. Januari 1963 alifaulu. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa lazima aonyeshe stakabadhi za miaka miwili za kodi ya kichwa, ambayo katika jimbo hilo mtu aliilipa ili apate ruhusa ya kupiga kura.

JELA YA WINONA NA MKUTANO WA ATLANTIC CITY

Tarehe 9 Juni 1963, akirudi kutoka katika mafunzo ya wapigaji kura katika jimbo la South Carolina, yeye na wenzake walikamatwa katika mji wa Winona kwa sababu baadhi yao waliingia mkahawa wa kituo cha mabasi uliotengwa kwa Wazungu. Jela, polisi waliwaamrisha wafungwa wawili weusi wampige kwa rungu la ngozi, mmoja akichoka mwingine akapokea. Figo zake ziliumia, na jicho lake moja halikupata nuru yake kamili tena. Alibaki na maumivu hayo mpaka kufa kwake.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Agosti 1964, aliyasimulia mambo hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic katika mji wa Atlantic City. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa chama kipya cha Mississippi kilichowapokea watu wa rangi zote, nao walidai wapewe viti vya wajumbe waliochaguliwa na Wazungu peke yao. Maneno yake yalikuwa yakionyeshwa katika televisheni. Rais Lyndon Johnson, akiogopa kupoteza kura za kusini, aliita waandishi wa habari kwa haraka ili picha ziondolewe kwake. Haikufaa kitu, kwa maana jioni vituo vya televisheni viliurudia ushuhuda huo, na mamilioni ya watu wakaona mchuma pamba akiiuliza nchi yake kama kweli ni nchi ya watu huru. Wajumbe hao walipewa viti viwili tu. Bibi Hamer alikataa, akisema kwamba hawakusafiri mbali vile kwa ajili ya viti viwili, hali wote wamechoka.

Mwezi wa Septemba 1964 alipata kuiona Afrika. Pamoja na vijana wa SNCC alikwenda Guinea, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka 1958. Huko aliona watu weusi wakiendesha ndege, wakifanya kazi katika benki na wakishika serikali. Rais Sékou Touré mwenyewe alikuja kuwaamkia mahali walipofikia, na Bibi Hamer alistaajabu, kwa kuwa katika nchi yake hata kumwona Rais kulimshinda. Aliwaona pia wanawake wakibeba mizigo kichwani, akamkumbuka mama yake.

Kenya nayo haikuwa mbali na habari hizi. Bwana Oginga Odinga alipotembelea mji wa Atlanta mwezi wa Desemba 1963, vijana wa SNCC walimlaki, kisha wakatunga wimbo wenye jina lake. Tarehe 20 Desemba 1964, Bibi Hamer alipohutubia mkutano mmoja na Malcolm X katika mtaa wa Harlem, mjini New York, wimbo huo uliimbwa mbele ya watu.

NJAA BAADA YA SHERIA

Tarehe 6 Agosti 1965 sheria mpya ya kura ilitiwa sahihi, na mitihani ya hila ikaondolewa. Mtu angedhani kwamba kazi ya Bibi Hamer imekwisha. Kumbe njaa ilikuwa inakuja.

Mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua magugu zilikuwa zimekwisha kuingia mashambani. Sheria ya mwaka 1966 ilipoagiza kwamba kuanzia 1967 vibarua wa mashamba makubwa walipwe angalau dola moja kwa saa, wenye mashamba wengi waliona heri kununua mashine kuliko kulipa. Maelfu ya jamaa waliokuwa hawajui kazi nyingine wakaachwa bila mshahara. Tena Bibi Hamer alikuwa amekwisha kuona jinsi chakula kinavyoweza kugeuzwa kuwa fimbo. Katika majira ya baridi ya 1962 na 1963, wakuu wa wilaya jirani ya Leflore walikuwa wamesimamisha chakula cha msaada cha serikali wakati watu weusi walipoanza kujiandikisha. Yeye mwenyewe alishiriki kugawa vyakula na nguo zilizoletwa kutoka kaskazini.

Njaa hiyo iliingia mpaka nyumbani kwake. Mwaka 1967 binti yake mkubwa, aliyekuwa amedhoofika kwa kukosa chakula bora, alishikwa na ugonjwa baada ya kuzaa. Hospitali za karibu hazikumpokea. Wazazi wakampakia garini kumpeleka Memphis, safari ndefu, wala hakupona. Aliacha watoto wachanga wawili. Bibi Hamer, aliyekwisha kutimu miaka hamsini au karibu yake, na mumewe, wakawachukua wajukuu hao na kuanza kulea upya.

BENKI YA NGURUWE

Mwaka 1968 Bibi Hamer alishirikiana na Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, lililoongozwa na Bibi Dorothy Height, kuanzisha benki ambayo haikuwa na fedha ndani yake. Baraza lilitoa madume 5 ya nguruwe wa jamii nzuri pamoja na majike ya kuzaa. Jamaa maskini ilikopeshwa jike lenye mimba. Likizaa, watoto wa nguruwe walikuwa mali ya jamaa ile, wachinje, wauze, au wafuge. Jike lilirudishwa katika benki ili likapandwe tena na kwenda kwa jamaa nyingine. Na yule aliyepata, majike yake yakikua, alitazamiwa kumsaidia jirani kama alivyosaidiwa yeye.

Wafugaji wengi wa Kenya wataitambua desturi hii, maana tangu zamani mtu mwenye mifugo alimwekea jirani yake ng'ombe au mbuzi, jirani akanywa maziwa na kupata mtaji wa kuanzia. Tofauti ni kwamba katika Ruleville hapakuwa na tajiri wa kuweka. Wote walikuwa maskini, na benki ilikuwa mali ya wote. Hapakuwa na riba, wala kitabu kilichofichwa. Deni lilijulikana na kila mtu, na lilitembea kwa miguu yake minne. Kwa miaka michache mamia ya jamaa walipata nyama ya kutia katika chumvi kwa ajili ya baridi.

Mwaka 1969 alikwenda mbele. Kwa msaada wa fedha za marafiki wa kaskazini alinunua eka 40 za kwanza za ushirika ulioitwa Shamba la Uhuru. Baadaye shamba lilipanuka hata kuzidi eka 600. Katika sehemu moja walipanda chakula: kunde, maharagwe, matango, viazi vitamu na mboga za majani. Katika sehemu nyingine walipanda pamba na soya za kuuza, ili kulipia ardhi. Ada ya mwanachama ilikuwa dola moja kwa mwezi, na wengi hawakuweza hata hiyo. Hawakufukuzwa. Aliyesaidia kulima na kuvuna alipata sehemu yake, na mavuno mengine yaligawiwa wenye shida, Wazungu maskini wakiwamo. Ushirika ulisaidia pia watu kujipatia nyumba zao wenyewe, ili mtu asiweze tena kufukuzwa kitandani kwa sababu ya jina lake kuonekana katika daftari. Mjini penyewe akasaidia kuanzisha mahali pa kuwalea watoto wadogo wakati mama zao wako kazini.

Bibi Hamer alizoea kusema kwamba mtu mwenye chupa mia nne za mboga na supu zilizowekwa akiba kwa ajili ya baridi, hapana awezaye kumsukuma huku na huku wala kumwamuru la kusema. Maneno hayo hayakutoka kitabuni. Yalitoka katika usiku ule wa Agosti 1962.

KILICHOBOMOKA NA KILICHOBAKI

Haifai kusema kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Mwezi wa Februari 1971 kimbunga kikali kilipiga wilaya ya Sunflower, na ushirika ukalazimika kuwasaidia waliopoteza nyumba hali nao wenyewe una madeni. Kisha kukaja ukame, na baada ya ukame mafuriko, hata mazao ya kuuza yakakosa kutosha malipo ya ardhi. Wafadhili waliopenda kutoa kwa ajili ya chakula cha wenye njaa hawakupenda vile vile kutoa kwa ajili ya mshahara wa karani wa hesabu. Bibi Hamer, ambaye jina lake ndilo lililoleta fedha, alikuwa mgonjwa, akisafiri huku na huko kuhutubia ili apate michango. Meneja wa shamba alifariki mwaka 1974. Ilipofika 1976 sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imekwenda kwa kodi na madeni.

Wanaushirika wa mahali popote waweza kujifunza hapo. Moyo mwema huanzisha shamba, lakini hauwezi peke yake kulipa kodi ya ardhi. Panahitajiwa akiba ya mwaka mbaya, panahitajiwa mtu wa pili na wa tatu anayeijua kazi, ili mzigo usikae juu ya kichwa cha mtu mmoja. Mkono mmoja haulei mwana.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kazi ilipotea. Wakati wa miaka ile ya njaa watoto walikula. Waliopata nyumba zao walikaa ndani yake. Watu weusi wa Mississippi, ambao mwaka 1962 walipigiwa risasi kwa kutaka kujiandikisha, walianza kuchagua na kuchaguliwa. Mwaka 1968 Bibi Hamer mwenyewe aliingia mkutano mkuu wa chama cha Democratic katika mji wa Chicago akiwa mjumbe halali, na watu wakasimama kumshangilia.

Bibi Hamer alifariki tarehe 14 Machi 1977 katika hospitali ya mji wa Mound Bayou, kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 59. Hakuacha mali. Maziko yake yalihudhuriwa na wakubwa wa nchi, na Bwana Andrew Young, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alihutubia. Mwaka 2012 sanamu yake ilisimamishwa Ruleville, na mwezi wa Januari 2025, miaka karibu arobaini na minane baada ya kufa kwake, Rais Joe Biden alimtunukia nishani ya Uhuru, ambayo ni heshima kubwa kabisa apewayo raia wa Marekani.

Amezikwa Ruleville, katika kipande cha ardhi kilichokuwa cha Shamba la Uhuru. Mumewe, Bwana Perry, aliyefariki mwaka 1992, amelazwa kando yake. Juu ya jiwe la kaburi yameandikwa maneno aliyoyasema mara nyingi, kwamba amechoka kwa kuchoshwa. Lakini wanaojua habari zake watakumbuka kwamba mwanamke huyo aliyechoka alijaza mikebe na chupa, akapeleka nguruwe kwa jirani, akalea wajukuu, na asubuhi ya siku ya kura akasimama katika mstari pamoja na watu wake.